Ujumbe wa Sekunde Arubaini

Kitanda kipya cha Loai kilikuwa bado kimevikwa nailoni Bashayer alipopiga simu kutoka Amerika. Kwa Bi Muhsina, huko Sib, Omani, alasiri ilikwishaswaliwa. Kwa binti yake ndiyo kwanza kunakucha, mtoto anavaa kwenda skuli.

"Jaji kakataa, Mama. Loai haji."

"Kakataaje? Wael kakupa talaka akatia saini mbele ya shekhe na mashahidi wawili. Kila kiangazi mtoto awe kwangu."

"Nshakwambia, jimbo limepitisha sheria. Mapatano ya talaka yaliyoandikwa msikitini hayana nguvu tena kortini."

Bi Muhsina aliilaani sheria hiyo na walioitunga, watu wasioijua hata kibla kumpangia mjukuu wake. Loai ana miaka saba, naye amempakata mara mbili tu.

"Si hilo tu," Bashayer alisema. "Wakili wa Wael kaisikilizisha korti ujumbe wako."

Ujumbe wenyewe ulikuwa wa sekunde arubaini. Bi Muhsina hakuzoea kuandika Kiswahili. Hasira ilipompanda alibonyeza simu akamwambia Wael: ukimzuia mjukuu wangu, wallahi ntakuja huko nikutoe roho. Kwao maneno kama hayo yalikuwa ya kunywea chai tu. Mama yake mwenyewe alimtishia kumchinja kila alipochelewa kurudi, kisha akampakulia wali.

"Maneno ya hasira tu yale, mwanangu. Nani asiyejua?"

"Jaji hajui. Sheria hiyohiyo imezidisha adhabu ya vitisho. Ukikanyaga huku utakamatwa. Na mie siruhusiwi kumleta mtoto kwa mtu aliyeapa kumuua babake."

Bi Muhsina, aliyewaasa watu umri wake wote kwamba heri kujikwaa guu kuliko ulimi, alikuwa amejikwaa ulimi mpaka Amerika. Huko simu ilibadilisha mikono.

"Bibi," alisema Loai, "nilikusikia kwenye simu ya Baba. Kweli utamuua?"

Alitaka kucheka, amwambie ulikuwa mzaha. Lakini aliikumbuka siku ile: alivyomwona Wael akilini amelala ndani ya sanda, na jinsi moyo wake ulivyopoa kwa picha hiyo.

"Bibi, upo?"

Alikuwepo. Mtoto alimngoja, naye akajua hata "hapana" ingekuwa na uongo ndani yake.