Sifuri za Wodi ya Wanawake

Kwetu Dessie, mji wa milimani Ethiopia, mtu akikuuliza umeamkaje, unajibu Mungu ashukuriwe. Hata kama nyumba yako imeungua jana na ng'ombe wako amekufa leo, kwanza unashukuru, halafu unauliza watu wa kwake, mama yake, watoto wake, mvua ya kwao, na baada ya hapo, ukibanwa sana, ndipo unataja moto. Waislamu wetu husema Alhamdulillahi, sisi Wakristo husema Egziabher yimesgen, na maana ni ileile: usinichungulie ndani, ndugu yangu, mimi ni mtu wa heshima.

Sasa chukua watu hao, uwatoe titi, halafu uwaulize kama wanaumwa.

Miaka ishirini na miwili nimekuwa muuguzi katika wodi ya upasuaji ya wanawake. Mwaka mmoja Profesa Mekbib Gobeze, mkuu wa upasuaji, alituletea utafiti. Kila mwanamke aliyetolewa titi kwa ajili ya saratani angepigiwa kura. Kura moja ilimpa sindano za mofini siku tatu za mwanzo, kura nyingine ilimpa panadoli tu. Kila asubuhi saa mbili muuguzi angemuuliza: kutoka sifuri hadi kumi, maumivu yako ni kiasi gani? Muuguzi huyo nilikuwa mimi. Kamati ya maadili ilipitisha jambo hilo kwa kikao cha robo saa, maana mwenyekiti wake alikuwa Profesa Mekbib.

Msije mkadhani alikuwa mgeni. Alizaliwa nyuma ya soko la Jumatatu, na mama yake aliuza pilipili pale mpaka mwanawe alipomkataza kwa sababu ya cheo. Alikwenda Ulaya miaka saba, akarudi na tai nyingi na imani moja: kitu kisicho na namba hakipo.

Kwa wale wasiojua kuhesabu maumivu, fomu ilikuwa na nyuso kumi na moja zilizochorwa mstarini. Wa kwanza anacheka, wa mwisho anabubujikwa na machozi. Nilimpelekea Mama Zemzem, mwanamke wa arobaini katika utafiti, siku moja baada ya upasuaji wake. Kura ilikuwa imempa panadoli.

"Mama, chagua uso unaofanana na hali yako ya leo."

Alizitazama moja moja. "Huyu wa mwisho analia nini?"

"Anaumwa, mama."

"Masikini! Hana ndugu wa kumtazama? Mwanangu, mpeni dawa huyu, msimwache hivihivi."

"Na wewe je?"

"Mimi? Alhamdulillahi."

Akaweka kidole juu ya uso unaocheka, maana kati ya wale wote huyo ndiye aliyeonekana kuwa na adabu. Kidole kilikuwa kinatetemeka. Fomu haikuwa na mahali pa kuandika kidole kinachotetemeka, nami nilikuwa nimeonywa tangu siku ya kwanza: "Sista Zinash, andika wanachosema, si unachodhani. Sayansi si umbea." Nikaandika sifuri.

Ijumaa ya wiki ileile Profesa alituita wote mkutanoni. Alikuwa amevaa tai nyekundu.

"Wanawake arobaini," alisema, "na sifuri arobaini! Waliopata mofini, sifuri. Waliopata panadoli, sifuri. Ama wanawake wetu ni mashujaa, ama panadoli yetu imeishinda ya Ulaya. Kwa vyovyote, dunia lazima isikie."

Dunia ilikuwa imekubali kusikia. Mkutano mkubwa wa madaktari huko Viena, Ulaya, ulikuwa umempa dakika kumi na mbili za kuzungumza. Wakati huohuo, akasema, kuanzia Jumatatu mofini yote itolewe wodini ifungiwe chumba cha upasuaji, na asipewe mgonjwa wa wodini bila saini yake. Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga. Mikono haina akili.

Nilipofika nyumbani ndipo nilipoikumbuka Alhamisi. Alhamisi iliyofuata, shangazi yangu Tiringo alikuwa ameandikiwa kutolewa titi la kushoto. Yeye ndiye aliyenilea tangu mama yangu afariki. Nakumbuka siku jiwe la kusagia lilipomponda kidole, wageni wakiwa wamekaa sebuleni. Alikifunga kwa kitambaa, akamaliza kusaga, akawapakulia, akawalisha tonge za kwanza mdomoni, kama ilivyo desturi yetu, kwa mkono uleule. Mtu wa namna hiyo ukimuuliza sifuri au kumi, atakupa sifuri na kukuuliza kama umekula. Na zile sifuri zilizomnyang'anya dawa niliziandika mimi, kwa mwandiko wangu mzuri. Nilijichukia.

Jumamosi asubuhi nilimfuata Profesa ofisini.

"Profesa, hawa wanawake wanaumwa."

"Ushahidi?"

"Nimewaona."

"Kuona si ushahidi. Leta namba, Sista."

Haya. Kama ni namba, nilijua zinakopatikana. Kwetu ukweli hauko kwenye fomu, uko kwenye kahawa. Kikombe cha kwanza, abol, ni cha salamu. Cha pili, tona, watu wanaanza kulalamika kidogo kidogo. Cha tatu, ambacho ni cha baraka, hapo mwanamke anaweza kukwambia hata jina la aliyemlaani mume wake. Jumamosi ileile alasiri nikaweka jiko la mkaa kwenye baraza la nyuma ya wodi, nikakaanga buni mpaka harufu ikawatoa vitandani walioweza kutembea, na wasioweza tukawabeba. Walikuwa kumi na mmoja, kila mmoja na mrija wake wa kidonda na kichupa chake ameshika mkononi kama mkoba.

Kikombe cha kwanza nikauliza: sifuri, wote. Cha pili, Mama Zemzem akasema usingizi hajauona tangu Jumanne, lakini si kitu, watu wanaumwa zaidi. Nne. Wengine tatu, wengine tano. Cha tatu, Mama Asegedech, mwalimu mstaafu aliyekuwa hajanyanyua sauti tangu aingie wodini, akasema, "Kumi," akaanza kulia. Zemzem akamshika bega na kusema tisa. Wakalia wote kumi na mmoja, nami nikawa wa kumi na mbili, tukawa na matanga kamili bila maiti. Nikaandika kila kitu, kikombe kwa kikombe.

Jumatatu nilimkabidhi Profesa karatasi. Aliisoma mara mbili. Akavua miwani, akaivaa tena.

"Sista Zinash, unaona kilichomo humu?"

"Naona, Profesa." Moyo ulikuwa unanidunda kwa furaha.

"Kikombe cha kwanza, sifuri. Cha pili, nne. Cha tatu, tisa! Hakuna aliyewahi kuonyesha jambo hili kwa uwazi namna hii."

"Jambo gani, Profesa?"

"Kahawa inasababisha maumivu!"

Alikuwa ameshaanza kuandika kichwa cha makala ya pili. Kufikia mchana mlango wa wodi ulikuwa umebandikwa tangazo: Kahawa marufuku, kwa usalama wa wagonjwa. Ndugu waliokuja kutazama walisimama pale wakalisoma kwa sauti, wakalirudia, kama watu walioambiwa kuanzia leo kupumua ni kosa. Mzee mmoja aliuliza kama kuna vita.

Na mofini ikawa imeondoka.

Alhamisi shangazi aliingia chumba cha upasuaji, akatoka akiwa hai, saratani yote imetolewa. Hapo nampa Profesa haki yake, mkono wake kwenye kisu haukuwa na mfano. Mchana nusukaputi ikaisha. Nilimpa panadoli mbili kama kanuni ilivyotaka. Nilimwomba daktari wa zamu amwandikie mofini, akanionyesha lile agizo la saini, akainua mabega.

Ijumaa saa mbili asubuhi nilikwenda kitandani kwake na fomu. Jasho lilikuwa limemtanda juu ya mdomo, na Dessie ilikuwa na baridi ya kujifunika gabi mbili, zile shuka zetu nzito za pamba. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika chuma cha kitanda, vifundo vyeupe.

"Shangazi, ni mimi. Hapa hakuna mgeni. Unaumwa kiasi gani?"

"Mungu ashukuriwe, mwanangu. Umekula?"

"Shangazi, nakusihi."

"Sura yako imekwisha. Nenda ukale kitu."

Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini Dessie kifo chenyewe nacho kingesubiri salamu ziishe. Nilisimama pale na kalamu. Kisha nikaandika kumi. Kwa mara ya kwanza katika utafiti ule niliandika nilichokiona.

Profesa alifika na msururu wa madaktari vijana nyuma yake. Alichukua fomu, akatua.

"Kumi? Hii ni nini?"

"Ni maumivu yake, Profesa."

Akamwinamia mgonjwa. "Mama, umeamkaje?"

"Mungu ashukuriwe," shangazi alisema, pumzi fupi. "Nanyi mmeamkaje? Mama yako hajambo?"

"Hajambo. Una maumivu?"

"Mungu ashukuriwe."

Akanyooka, akanigeukia. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Umeghushi. Mgonjwa amesema hivi, wewe umeandika vile, tena mgonjwa ni ndugu yako. Mimi nasimama Viena mwezi ujao, na muuguzi wangu ni mwongo. Toka kwenye utafiti huu. Barua ya kwenda kwa mkurugenzi naiandika leo."

Madaktari vijana wakatazama viatu vyao. Kwa kanuni alikuwa amesema kweli.

"Nani mwongo?"

Ilikuwa sauti ya shangazi. Alikuwa anajaribu kuinuka kwa kiwiko.

"Mama, lala, pumzika."

"Nimekuuliza, baba. Umemwita nani mwongo?"

"Ni mambo ya kazi, mama."

"Huyu nimemlea mimi. Nyumbani kwangu hakulelewa mwongo." Alitua kuvuta pumzi. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na hakuyafuta, maana mkono aliokuwa nao mzima ndio uliomshikilia. "Andika kumi. Kama kuna namba zaidi ya hapo, andika hiyo. Tangu jana mchana nahisi kama bado mnanikata. Kwa ajili yangu nisingesema, aibu. Lakini mtoto wangu haitwi mwongo kwa sababu ya adabu yangu mimi."

Akaanguka kwenye mto. Nililia mbele ya watu wote, na sikujali.

Profesa alikohoa. "Pole, mama. Lakini mgonjwa mmoja si takwimu."

"Basi sikia wa pili," alisema Mama Zemzem kutoka kitanda cha jirani. "Mimi sijambo, Alhamdulillahi. Lakini huyu Tiringo ameng'ata shuka tangu jana, nimemwona kwa macho yangu. Hiyo kumi ni yake kweli."

"Na wewe Zemzem unamsemea nani?" Mama Asegedech alidakia kutoka ng'ambo. "Profesa, mimi Mungu ashukuriwe. Huyo anayesema hajambo huenda bafuni akafungua bomba ili tusimsikie akilia. Mwandikie tisa."

"Nani kakutuma, wewe?" Zemzem alifoka.

"Nakulipa! Kwani nani aliyewaambia akina mama wa jikoni kwamba silali?"

"Hulali! Unasoma Zaburi umekaza meno!"

Hapo wodi nzima ikawaka. Hakuna hata mmoja aliyesema anaumwa, Mungu apishe mbali. Lakini kila mmoja alikuwa na habari kamili za jirani yake wa kitanda, saa aliyogeuka, upande alioshindwa kulalia, kile alichokuwa akiking'ata. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wahenga hawakuwahi kulazwa Dessie. Niligeuza fomu upande wa nyuma nikawa naandika: Zemzem, tisa, kwa kauli ya Asegedech. Asegedech, nane, kwa kauli ya Zemzem. Nikafika kumi na wawili, na hapakuwa na sifuri.

Profesa alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda cha shangazi, jambo alilowakataza hata ndugu wa wagonjwa. Alinyoosha mkono, nikampa karatasi.

"Hii haimo kwenye fomu," alisema.

"Haimo, Profesa."

Aliisoma polepole. Kisha akasema kwa sauti ndogo, kwa Kiamhari cha nyuma ya soko, si kile cha mikutano: "Mama yangu nilimfanyia upasuaji wa nyongo mwaka jana. Mimi mwenyewe. Kila asubuhi nilimuuliza kama anaumwa. Kila asubuhi alimshukuru Mungu. Nikampa panadoli."

"Jirani yake alikuwa nani?" Mama Zemzem aliuliza.

"Hakuwa na jirani. Nilimtafutia chumba cha peke yake."

Shangazi Tiringo alikiachia kile chuma, akauweka mkono wake juu ya mkono wa Profesa, akampigapiga kama anavyofarijiwa mfiwa.

Profesa akaomba kalamu. Alitia saini karatasi kumi na mbili za kuruhusu mofini, moja baada ya nyingine, na daktari kijana mmoja akakimbia kwenda kuileta. Nilimchoma shangazi sindano kwanza, wala sikuona haya. Ilipogonga saa tatu na nusu alikuwa anakoroma. Nikamgeukia Mama Zemzem, akaniambia nianze na Asegedech. Asegedech akasema hapana, kuna yule wa dirishani, na yule wa dirishani akanirudisha kwa Zemzem. Ilinichukua nusu saa kumpata wa kukubali kuwa wa pili.