Mwizi Aitwaye Paul

Dokta Murekatete alisukuma karatasi mbele ya mwanafunzi wake mzee kuliko wote. Nusu ya mistari ilikuwa imepakwa rangi nyekundu na kompyuta.

"Mzee Bimenyimana, sura ya nne ya tasnifu yako inafanana na makala ya mtu mwingine. Karibu yote. Huyu hapa: Paul, B. J. Makala yake imetoka jaridani mwaka huu. Maneno haya umeyatoa wapi?"

"Shambani kwangu. Kule Kanzenze."

"Na Paul ameyatoa wapi?"

"Hilo aulizwe yeye, Dokta. Mimi simjui Paul hata mmoja anayejua maharagwe."

Dokta hakucheka. Jopo la mtihani lingekaa juma lijalo, akasema, na hawezi kulipelekea mtu mwenye sura nzima ya kushukiwa. Alete maelezo, la sivyo shahada ya uzamili aisahau.

Bimenyimana alitoka nje akiwa amekaza shingo. Alikuwa amejifunza kusoma katika darasa la jioni huko Karagwe, Tanzania, baada ya kazi, miguu ikiwa bado na tope. Aliporudi Rwanda alifundisha kilimo hadi kustaafu, kisha akajiandikisha chuoni Gisenyi pamoja na vijana. Kuandika makala ndefu ya kisayansi kulimtesa kuliko jembe. Utangulizi wake wa kwanza ulianza na siku Mungu alipoumba mimea. Dokta aliukata wote. Kila alipoandika "ni wazi kwamba," Dokta aliandika pembeni: "Kama ni wazi, usiseme. Kama si wazi, thibitisha." Alijifunza kueleza njia ya utafiti ili mgeni aweze kuirudia, na kuyaacha matokeo yasimame bila kuyasifu. Sura ya nne, kuhusu miti ya kuegemeza maharagwe yanayopanda juu, aliifumua na kuiandika upya mara nyingi hata mkewe Cansilde akaanza kuiita mke mwenza.

Nani mwingine aliiona sura hiyo? Mmoja tu. Gad.

Gad alikuwa mwanafunzi mwenzake, kijana aliyesoma Uganda, mwenye Kiingereza kizuri na Kiswahili cha upande wa Goma. Ndiye aliyeinyoosha lugha ya sura hiyo ilipopelekwa kama makala kwenye jarida la ng'ambo, na ndiye aliyewasha kompyuta siku ya kuituma. Sasa kila kitu cha Gad kilianza kunuka. Simu yake ilikuwa mpya. Kila Jumamosi alivuka mpaka kwenda Goma, Kongo, eti kwa shangazi yake. Goma imejaa wazungu wa mashirika. Kati yao angekosekana Paul?

Alimkuta darasani, wenzao wote wakiwa wamekaa.

"Gad, ulimuuzia Paul kwa bei gani?"

"Paul gani?"

"Usijifanye mjinga. Makala yangu."

Gad alisimama polepole. "Mzee, uko unaniita mwizi mbele ya batu?"

"Nakuita kwa kazi uliyofanya. Jarida halijanijibu hata neno, kumbe huyo Paul wako ameshaitoa!"

"Hawajakuandikia? Hata mara moja?"

"Wanaoniandikia ni matapeli tu wa mtandaoni. 'Mpendwa Dokta Paul, hongera, tafadhali hakiki...' Nafuta zote. Mimi si dokta, wala si..."

Akaishia hapo.

"Mzee," Gad akauliza kwa sauti ya chini, "jina lako ya kanisa ni nani?"

Chuoni hakuna aliyewahi kumwita kwa jina hilo. "Jean Paul," akasema.

Kicheko kilichofuata kilisikika hadi barabarani. Siku ya kutuma makala, Bimenyimana alikuwa amemwondoa Gad kwenye kiti ili asiguse sehemu ya jina. Aliliandika mwenyewe kama lilivyo kwenye kitambulisho: la Kinyarwanda mbele, la ubatizo nyuma. Kwetu mtu hana jina la ukoo. Baba ana lake na mwana ana lake. Wale wa ng'ambo walichukua neno la mwisho, wakadhani ndilo la ukoo. Walipomwandikia akakaa kimya, walihesabu kwamba amekubali, wakachapisha.

Gad peke yake hakucheka. Alikusanya vitabu vyake akaondoka.

Dokta alisikiliza habari hiyo mikono ikiwa imekunjwa. "Mwaka mzima nimelisoma jina lako na sikumwona Paul ndani yake," akakiri. "Lakini akina Paul ni wengi. Tukisubiri jarida lithibitishe, jopo litakuwa limeshaondoka. Nani alikuona ukiituma?"

Ilibidi Bimenyimana amtaje Gad.

Alimpata Gad karibu na soko, akisubiri pikipiki ya abiria ya kwenda kwao. Alimweleza anachohitaji.

"Bon," Gad akasema. "Asubuhi mi mwizi, jioni mi shahidi. Iko kazi."

"Nakuomba, mwanangu."

"Hapa hakuna mutu anasikia. Utaniomba mbele ya bale bale."

Bimenyimana, aliyekuwa akiwasahihisha vijana hata wanavyokaa, alilala na neno hilo likimkwaruza. Asubuhi alisimama mbele ya darasa. Hakutafuta utangulizi. "Nilisema Gad ni mwizi. Nilisema uongo. Ushahidi sikuwa nao, nilikuwa na simu yake mpya tu."

"Na shangazi?" Gad akauliza kutoka nyuma.

"Na shangazi yako. Anisamehe."

Gad alimfuata hadi kwa Dokta, akaeleza alichokiona: rasimu baada ya rasimu, na mzee aliyefunika kibodi kwa mwili wake. Dokta akaliingiza jina la Bimenyimana kwenye orodha ya watakaohojiwa na jopo.

Jioni hiyo walikaa maktabani kurekebisha tasnifu. Ukurasa wa shukrani ulikuwa mtupu. Bimenyimana hakuwahi kufikiri kwamba ana wa kumshukuru. Aliandika mstari mmoja, kisha akasita.

"Gad, jina lako lingine ni lipi?"

"Umeanza tena kunipeleleza?"

"Nataka kuliandika."

"Miaka mbili tuko pamoja, na haujue?"

Hakujua. Bimenyimana alisimama, akamsogezea kiti mbele ya kompyuta, kisha akatoka nje ili Gad aliandike mwenyewe, kwa mpangilio anaoutaka.