Kipini cha Bi Lila

Ghalia alikuwa akibandika ukurasa wa ishirini na tisa wa jarida ukutani, mhariri wake Bi Poonam akamshika mkono.

"Ngoja. Huyu si Lila wa duka la sari Kenton? Mbona kipini cha pua kimehamia kulia? Tangu nimjue kiko kushoto."

Ghalia alijua kilichotokea. Jana aliigeuza picha ile kwenye kompyuta. Yeye ni mtoto wa Kipemba aliyekulia Wembley, na sari zote alizozitazama vizuri zilipita bega la kushoto. Hii ilishuka mbele kutoka bega la kulia. Akadhani picha imekaa kinyume, akaisahihisha bila kuuliza. Na leo ndipo miezi yake mitatu ya majaribio inapokwisha.

"Linus mpiga picha siku hizi anapiga amefumba macho?"

"Si Linus, Bi Poonam. Ni mimi. Nilidhani sari imevaliwa upande siko."

Mhariri huyu aliwahi kurudisha jalada mara kumi na moja kwa ajili ya kivuli cha kidole. Wasaidizi wanne kabla ya Ghalia walishamkimbia. Ghalia akangoja kufokewa.

Bi Poonam akavua miwani, akatoa sari kabatini, akaanza kumvisha juu ya jinzi yake.

"Mtindo wa Kigujarati ni hivi. Mama yangu alisimama dukani Mombasa miaka thelathini, pindo toka bega la kulia hadi kifuani namna hii. Simama wima, we si gunia."

Vidole vyake vilikunja mikunjo saba, yote sawa, na macho yake hayakuviangalia. Ghalia alivitazama akasahau hofu.

"Ukiona usichokijua?"

"Niulize."

"Hata mara mia. Nitakufokea, lakini uulize."

"Mbona hata nisipouliza unanifokea?"

Bi Poonam akacheka mpaka akakaa.

Ghalia akaigeuza tena picha ya Lila, kisha wakarudi ukurasa wa kwanza, kidole juu ya kila picha, wakikagua kama kuna kingine kilichohama: vifungo, saa, pete. Jarida lote lingekwenda mtamboni kesho alasiri. Saa kumi na mbili jioni walikuwa wamefika ukurasa wa thelathini na moja kati ya sitini. Bi Poonam akachomeka pini hapo.

"Kesho saa mbili. Sari nenda nayo, uje umeivaa mwenyewe. Nitahesabu mikunjo."

"Kwa hiyo nabaki?"

"Hizi kurasa ishirini na tisa zilizobaki nitazikagua na nani?" alisema, akazima taa ya meza.