Kuvuka Kwenda Wolina

Ludmiła alikuwa amechoka na historia. Hakuichoka ile ya vitabuni, ambayo mtu huisoma akafunga kitabu akalala. Aliichoka hii iliyokuwa imekaa mezani jikoni kwa baba yake, imevaa koti na kofia, na inakataa kusimama.

"Baba, maua yanaganda nje. Twende."

"Nenda wewe. Mimi nchi za watu siendi."

Nchi za watu ilikuwa ni Wolina, ng'ambo ya daraja. Mto Lisna wala si mpana. Ukipiga chafya Gorzan, mtu wa Wolina anaweza kukuombea afya. Ila zamani, Poland ilipokatwakatwa na wakubwa, Gorzan iliangukia kwa Wajerumani na Wolina kwa Warusi, na kwa zaidi ya miaka mia darajani pakasimama askari wa pande mbili. Askari hao walikwisha kuondoka kabla baba yake Ludmiła, mzee Klemens, hajazaliwa. Baadaye serikali ikaiunganisha miji miwili ikawa mmoja, Gorzan-Wolina, na kistari katikati. Kwa mzee Klemens kile kistari ndicho mpaka wenyewe. Upande huu nyumba za matofali zimejipanga na watu wanafika kwa wakati. Upande ule uzio umelala na fundi anakwambia kesho. Hata alipovuka kwenda kung'oa jino alitia kitambulisho mfukoni, na kukiwa na mtu karibu wa kumsikia, aliuliza wapi wanagonga muhuri.

Na huyuhuyu ndiye aliyeoa Wolina. Otylia alivuka daraja akiwa bibi harusi, akaishi katika nyumba ya matofali, akafuta madirisha yake kila mwaka kabla ya Krismasi na Pasaka kwa siki na magazeti makuukuu mpaka kioo kikalia. Kejeli za mumewe alizijibu moja kwa moja, na mbili za ziada. Kisha akaugua, akasema azikwe Wolina. Mzee alimzika siku ya theluji nene hata uso wa padri hauonekani, akarudi nyumbani, akasusa. Mwaka wa tatu huu hajakanyaga makaburini.

Ludmiła angeweza kuuacha ule mgomo uendelee kama si jiwe. Jiwe la kaburi lilikuwa la watu wawili, kama yalivyo mawe ya wengine wote pale: kushoto jina la mama, kulia patupu. Kwa wajane wengine jina lilikwisha kuchongwa pamoja na mwaka wa kuzaliwa, na mwenyewe bado yuko hai anakula kabichi yake. Sasa fundi Seweryn alikuwa anafunga karakana ahamie kwa mwanawe, na alitaka jibu leo, Siku ya Watakatifu Wote, watu wanapopeleka maua na mishumaa makaburini. Kama mzee hataki, atachonga ua la waridi upande ule ili jiwe lisikae uchi. Waridi likishachongwa halifutiki. Mama yake atalala na ua la jiwe, na baba yake atalala Gorzan.

"Na hili dirisha, Baba," alisema, kwa sababu hasira ilitaka pa kutokea. "Tangu Mama afe hujaligusa. Halafu unawasema watu wa Wolina ni wachafu."

"Nje kuna nini cha kutazama? Wolina hiyohiyo."

"Haya. Basi mimi simwambii Seweryn chochote. Ukamwambie wewe achonge waridi, umwambie mbele ya Mama. Miaka yote navuka daraja mbio kama mbeba barua wenu, nimechoka, Baba. Nimechoka na wewe, nimechoka na Wajerumani, nimechoka na Warusi."

Mzee akajipapasa mfukoni kuhakikisha kitambulisho kipo, akainuka.

Darajani watu walikuwa wengi, kila mmoja na chungu chake cha maua na mfuko wa mishumaa. Seweryn, mzee mnene wa magoti mabovu, alikuwa langoni mwa makaburi ya Wolina.

"Bwana Klemens. Wamekupa viza?"

"Nimepita bila kuulizwa. Ulinzi wenu ni kama uzio wenu."

"Basi karibu Urusi, bwana," alisema Seweryn, akawafuata taratibu.

Kaburi lilikuwa juu kabisa, pembeni, kwenye mteremko. Nusu ya njia mzee alikuwa anahema.

"Kwa nini huku? Wazazi wake si wako pale chini, kando ya kikanisa?"

"Nafasi ilikuwapo pale chini. Aliikataa. Akachagua huku mwenyewe, na mimi ndiye ninayepandisha ndoo za maji mpaka natoa ulimi."

"Aliniambia anarudi kwa watu wake."

"Alisema azikwe Wolina. Hayo ya watu wake umeyaongeza wewe."

Mzee alifika kaburini akaketi juu ya ukingo wake bila adabu yoyote, mgongo kwenye jiwe, uso kwenye mto. Ludmiła alipiga magoti akaanza kuondoa majani makavu, akisubiri lawama ya kwanza: jiwe limeinama, changarawe ni hafifu. Lawama haikuja.

"Ile nyumba," mzee alisema, "yenye moshi."

Ludmiła aligeuka. Miaka yote alisimama pale kama wanavyosimama wote, uso kwa jina la marehemu na mgongo kwa mto. Sasa aliona ng'ambo safu nzima ya nyumba za Gorzan, na jua la baridi likimeta kwenye vioo vyake vyote. Moshi ulitoka kwenye bomba la nyumba yao. Chini ya bomba palikuwa na dirisha la jikoni, na hilo peke yake halikumeta.

Seweryn alifika akihema, akajifuta jasho. "Haya, Bwana Klemens. Nichonge waridi?"

"Waridi la nini? Andika jina langu. Na herufi zinyooke, usiniandikie Kiwolina."

Akasimama, akaanza kuteremka.

"Baba, unakwenda wapi? Hatujawasha hata mshumaa mmoja."

"Washa wewe. Siki ipo nyumbani?"

"Leo sikukuu. Nani anafuta madirisha siku ya sikukuu? Watu watatucheka."

"Wacheke," alisema mzee bila kugeuka. "Mwaka wa tatu huu nimemwacha anatazama uchafu."