Sauti Mbili za Simha

Tirtza Halperin alikuwa mtu wa kupigiwa simu jioni. Simu ya asubuhi, kwa umri wake, ni msiba. Basi alipoisikia ikilia kabla hajamaliza kahawa, alishika kwanza ukingo wa meza ndipo akaipokea. Alikuwa Noga, binti wa marehemu Uriel, mwongozaji wa filamu.

"Shangazi Tirtza, umelala?"

"Nimelala, naongea nawe ndotoni. Sema."

"Kanda zimepatikana. Za sauti, za *Chumba cha Simha*, zile za mwanzo kabisa. Baba alizificha stoo nyuma ya matangi ya maji. Sauti ya Sultana mwenyewe, shangazi. Watu wa tamasha la Haifa wanataka kuionyesha filamu wakati wa Sikukuu ya Vibanda, ikiwa na sauti yake."

"Na yangu?" Tirtza akauliza.

"Ndiyo maana nimekupigia," Noga akasema. "Baba alipokuwa hospitali aliniambia, sauti ya filamu hiyo isiguswe mpaka Tirtza akubali. Ukisema hapana, basi ni hapana, na wala sitakununia."

Haya, tuelewane hapa, maana vijana wa leo ukiwaambia mambo haya wanadhani unatia chumvi. Enzi zile filamu ya Kiebrania ilikuwa na sura ya huyu na sauti ya yule. Mwongozaji alishuka jangwani, akampata binti mzuri wa kiwandani, akampiga picha juani mpaka ngozi ikachubuka. Kisha alirudi Tel Aviv, akamfungia chumbani mwigizaji wa jukwaani, taa zimezimwa, amtilie yule binti Kiebrania cha redio, kilichonyooka na kupigwa pasi. Hakuna aliyeona ni dhambi. Sultana Dahan alizaliwa Meknesi kule Moroko, na alipofungua kinywa ilisikika kambi nzima ya wahamiaji: "sh" zake zilikuwa "s", na herufi za kooni alizichota chini kabisa kama mtu anayeteka maji kisimani. Walimwambia ana uso wa malkia, ila mdomo tutautafutia mwingine.

Mdomo huo mwingine ukawa Tirtza. Na yeye asijifanye mwenyeji sana, maana baba yake alikuwa Mpolandi aliyeingia kaburini na "r" yake imemkwama kooni. Ila Tirtza alipiga pasi ya kwake mapema, katika shule ya uigizaji. Wiki kadhaa alikaa gizani na hedifoni masikioni, anamsikiliza Sultana, anasema, anamsikiliza tena, anasema tena, mpaka midomo na maneno vikalingana.

Filamu ikapelekwa tamasha kubwa huko Ulaya, na majaji wakampa Sultana tuzo ya mwigizaji bora wa kike. Mtayarishaji alikuwa amemwonya: ukiitwa jukwaani, shukuru kwa Kifaransa tu. Sultana alikijua Kifaransa kuliko mtayarishaji mwenyewe, akashukuru, watu wakasimama. Magazeti ya kwetu yaliandika juu ya ile sauti, ati ni kama maziwa ya moto. Tirtza aliyasoma mkahawani, akacheka na wenzake, halafu akaenda msalani akalia. Jina lake halikuandikwa popote kwenye filamu, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa desturi.

Baadaye alicheza jukwaani miaka mingi, tena alicheza vizuri. Lakini jukwaa halina akiba. Pazia likishuka, umekula umemaliza. Wenzake walikufa mmoja mmoja, na watazamaji wao wakawafuata. Kilichobaki cha Tirtza duniani ni ile sauti ya ujana wake kinywani mwa mwanamke mwingine. Kila mwaka televisheni ilipoirudia filamu, alikuwa anakaa na chai yake, anafumba macho, anajisikiliza. Siku hiyo hakupokea simu ya mtu.

Sasa wanataka kuifuta. Alimwambia Noga atafika studio Ijumaa asubuhi aisikie kanda hiyo kwanza, ndipo atoe jibu. Lakini jibu alikuwa nalo tayari, na jibu lilikuwa hapana.

Studio ilikuwa kusini mwa Tel Aviv, juu ya gereji. Noga alikuwa amechemsha kahawa ya tope, ile isiyochujwa, na kununua maandazi ya jibini. Sultana, ambaye Noga alimwita pia, alikuwa bado njiani kutoka Be'er Sheva kule jangwani, na ilibidi arudi na basi la adhuhuri, maana Sabato ikiingia hakuna basi. Na ajabu ni hii, kwamba wanawake hawa wawili walikuwa hawajawahi kuonana. Walitumia mdomo mmoja nusu karne, wala hawakupeana mkono.

Mlango ukafunguliwa, akaingia bibi mfupi mwenye nywele nyekundu za kupaka rangi na kopo la biskuti za ufuta.

"Shalom," akasema. "Samahani kwa kuchelewa. Barabara imefungwa kuanzia makutano."

Tirtza akamkodolea macho. Ile ilikuwa sauti yake mwenyewe. "Sh" imekaa pake, herufi za kooni zimelainishwa, sentensi imeshuka taratibu mwishoni kama walivyofundishwa katika shule yao. Ukikutana sokoni na mtu amevaa gauni lako lililopotea, ndivyo unavyojisikia.

Sultana akacheka. "Usinitolee macho, dada. Nimejifunza kwako."

"Kwangu vipi?"

"Niliporudi kutoka Ulaya, kila mwongozaji alinitaka. Nikifungua mdomo tu, ananiambia tutakuita. Wote walimtaka Simha, yule wa kwenye filamu, na Simha alikuwa na sauti yako. Basi nikamwomba filamu fundi mmoja wa sinema ya mjini. Mchana ukumbi ulikuwa mtupu, akawa ananichezea, nami nakaa peke yangu nasema unavyosema. Mpaka ikaingia."

"Ukapata filamu nyingine?"

"Filamu gani? Walishapata wasichana wapya. Nilipata kazi stendi kuu ya Be'er Sheva, ya kutangaza mabasi." Akainua kidevu. "Abiria wa Dimona, tafadhali mwende jukwaa la nne. Watu walikuwa wanakosa basi kwa kunisikiliza."

Noga alicheka, na Tirtza naye akajikuta anacheka.

"Mama ndiye hakucheka," Sultana akasema, akifungua kopo. "Aliniambia, binti yangu, umerudi kutoka Ulaya, lakini mdomo umeuacha huko. Alikufa akilalamika kwamba naongea naye kama karani wa serikali. Kuleni biskuti, nimeoka mwenyewe."

Tirtza akachukua moja, akaitafuna. Alikuwa amekuja na hapana yake mkononi, na sasa hakuona pa kuiweka.

Noga akawasha kanda. Kwanza ulisikika upepo, kisha sauti ya Uriel akiwa kijana, anamfokea mtu wa taa. Halafu akasema msichana. Lo, alikuwa mkali, ana haraka, "s" zake zinarukaruka, mwisho wa kila sentensi anapandisha kidogo kama anayeimba. Tirtza alimjua papo hapo. Sultana alikunja uso.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Ni wewe," Noga akasema.

"Mimi?" Akasogea karibu na spika. "Ningekutana naye stendi ningemwonyesha njia ya choo, nisingemjua."

Walisikiliza kanda moja baada ya nyingine mpaka wakafika ya mwisho, na ya mwisho haikuwa na kitu. Unyevu uliila, ulisikika mchakacho tu, kama mafuta kikaangoni. Na kanda hiyo ndiyo yenye kiini cha filamu. Simha amemzika mama yake, amekaa matanga siku saba kwenye kigoda cha chini, vioo vyote vya nyumba vimefunikwa shuka kama ilivyo desturi. Anakisogelea kioo kilichofunikwa, anazungumza na mama yake. Maneno yale hayakuandikwa na mtu. Uriel alimwambia Sultana amwambie mama yake lolote analotaka, naye akasema.

"Haifa hawataki filamu ya viraka," Noga akaeleza. "Sauti iwe moja mwanzo hadi mwisho. Tukishindwa kuirekodi upya sehemu hii, wataonyesha ile ya zamani. Sultana, utajaribu?"

Sultana akaingia kwenye chumba cha kioo, akavaa hedifoni. Picha yake ya ujana ikawaka ukutani, akaanza. Ilitoka laini, imenyooka, ya kupendeza, na mama aliyekufa angeweza kabisa kuwa abiria wa Dimona. Akajaribu tena, safari hii akilazimisha lafudhi ya Meknesi. Hapo ilikuwa balaa. Alisikika kama wale wachekeshaji wa televisheni wanaovaa kitambaa kichwani na kuwaigiza bibi za watu. Mwenyewe aliisikia, akanyamaza katikati ya neno.

Alijaribu mara nyingine, na nyingine. Kisha akavua hedifoni, akaziweka mezani polepole.

"Haipo," akasema kwenye kipaza sauti. "Nimeitafuta, haipo. Acheni ya dada Tirtza. Ni nzuri, na wala sina kinyongo. Nitawahi basi langu."

Basi Tirtza alikuwa ameshinda, tena bila kusema ile hapana. Alichotakiwa kufanya ni kukaa tu kwenye kiti chake, amalizie biskuti yake, na Haifa nzima ingeisikia sauti yake ikijaa ukumbi. Roho ilimwambia kaa, na alikaa. Alimtazama Sultana ng'ambo ya kioo anatafuta mkono wa koti na haupati, macho yake kwenye picha ukutani, kwenye yule msichana anayechezesha midomo bila sauti.

Na Tirtza aliisikia. Hiyo ndiyo shida. Wengine wote mle ndani waliona midomo mitupu, lakini yeye aliyasikia maneno. Wiki zile zote gizani aliyasikiliza hayo maneno kabla ya kuyafunika kwa ya kwake. Alijua binti anavuta pumzi wapi, wapi anacheka kwa puani. Hakuna mtu mwingine aliyebaki duniani anayeijua sauti ile, hata mwenyewe. Alikasirika kwa kuijua, akasimama.

"Shangazi?" Noga akauliza.

"Nyamaza. Rudisha picha mwanzo."

Akaingia chumba cha kioo, akamshika Sultana bega akamkalisha, naye akakaa kiti cha pembeni. Magoti yao yaligusana.

"Hapa hukuanza na neno," Tirtza akasema. "Ulianza na pumzi. Halafu hukumwita mama kwa Kiebrania. Aliyemwita hivyo ni mimi, kwa sababu waliniambia. Wewe ulisema Yimma, kama nyumbani kwenu."

Picha ikaanza. Tirtza hakuitazama. Alifumba macho, akaiacha pasi ya miaka yote ile, akachota chini kabisa ya koo.

"Yimma, wamekifunika kioo. Wanasema roho yako isije ikajiona ikashtuka. Wewe ushtuke? Wewe uliyemfukuza polisi kwa mwiko?" Na hapo akacheka kwa puani, mahali palepale. "Sasa Yimma, nani atanigombeza kwamba chumvi imezidi?"

Akafumbua macho. Sultana alikuwa amebadilika rangi, mikono imeshika ukingo wa kiti.

"Hiyo siyo sauti yangu," akasema.

Tirtza alidhani amekosea, kwamba miaka imemdanganya.

"Hiyo ni ya mama," Sultana akasema. "Ndivyo alivyokuwa anaongea. Hivyo hivyo. Sijamsikia tangu alipokufa, dada, wala sikumbuki nilimsikia lini mara ya mwisho kwa uzuri, maana nilikuwa namsahihisha."

Kipaza sauti kikakwaruza, Noga akauliza kama waanze kurekodi na kama shangazi amekubali. Tirtza akamtazama kupitia kioo. Iliuma, tusidanganyane, ilikuwa kama kusaini hati ya kifo chake mwenyewe. Akatikisa kichwa kukubali, kisha akamgeukia mwenzake.

"Haya, nifuatishe. Sentensi moja moja. Basi lako halitangoji."

"Liende," Sultana akasema. "Usinifundishe kwanza. Sema tu, mimi nimsikilize."

Tirtza akaanza upya. Alisema habari ya kioo, ya polisi na mwiko, kwa sauti ambayo haitasikika Haifa wala kwingineko. Sultana alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza kama mtoto anayesukwa nywele. Walipofika kwenye chumvi, alicheka kwa puani, akaitika bila kungoja, na "s" zake zote zilikuwa za Meknesi.

"Ilikuwa imezidi, Yimma," akasema. "Ilikuwa imezidi kweli, nikakubishia."

Nyuma ya kioo Noga alikuwa ameshawasha mashine ya kurekodia.