Disketi ya Tisa

Jumanne ya pili ya mwezi wa tatu, mwaka 1999, saa nane kasorobo, Dorothée alifika kwenye ofisi ya serikali ya Baraka akiwa amebeba kompyuta mgongoni, ameifunga kwa kitenge kama mtoto. Televisheni na printa zilikuja nyuma yake kwenye mkokoteni wa muuza mihogo. Bwana Anatole, mkuu wa ofisi, alikuwa anamalizia sombe na ndagala. Hakusimama. Alimwonyesha meza kwa kidole chenye mafuta, akaendelea kula.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya zamani, ya miaka ya themanini, ya matumizi ya nyumbani: kibodi na ubongo wake katika sanduku moja la plastiki lililogeuka rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Norbert, mume wa Dorothée, mwalimu wa hesabu kule Fizi, aliipata kwa mvuvi mmoja wa Mboko akatoa redio na mbuzi. Ilikuja na disketi kumi na moja za programu ya kuchora kurasa. Unaandika maneno yako pamoja na alama za amri, nayo inayapanga na kukuonyesha kwenye televisheni ukurasa kamili, nadhifu kama wa kitabu, kabla hujauchapa. Norbert aliipenda kwa sababu ilijua kuandika sehemu, namba juu, namba chini, mstari katikati. Mitihani yote ya Fizi aliichora nayo.

Norbert mwenyewe hakuwepo. Kwa lugha ya ofisi, Norbert alikuwa amehama.

Neno hilo lilimkaa Dorothée kooni kwa miezi minane. Mwezi wa saba Norbert alishika njia ya kijiji cha Lubwelo na bahasha ya mitihani kwapani, hakurudi. Watu wa Lubwelo nao hawakuonekana tena sokoni. Ilirudi harufu tu, upepo ulipogeuka. Ofisi ikaandika kwamba wakazi wa Lubwelo wamehama kwa hiari yao kwenda ng'ambo ya ziwa, na komanda wa jeshi lililoshika mji akatoa amri: ni marufuku kumfanyia kilio mtu aliyehama. Ujanja wa amri ile ulikuwa hapo. Kila mtu anajua kwamba kumlilia mtu aliye hai ni kumchuria. Mama aliyelia alionekana anamtakia mwanawe kifo, na majirani wenyewe walimfumba mdomo. Komanda hakuhitaji hata askari wa kulinda amri yake. Aliwalinda watu kwa desturi yao wenyewe, na Dorothée alimchukia kwa hilo kuliko kwa bunduki zake zote.

Kwa hiyo uwanjani kwake hakukuwashwa moto, hakukutandikwa mkeka. Mama Pulchérie, mama mkwe wake, alitenga sahani ya bugali ya Norbert kila siku mchana, akaifunika, kwa maana mtu aliyehama anaweza kurudi na njaa. Dorothée alitaka kitu kimoja tu duniani: karatasi yenye muhuri inayosema Norbert alikufa, ili akae chini alie. Alikuwa ameiomba mara nne. Mara ya tano Anatole alimwambia alete mashine.

Wageni wangefika Ijumaa kutoka nje, kuuliza habari za Lubwelo. Utepe wa taipu ya ofisi ulikauka tangu vita ianze, na komanda alitaka ripoti yenye herufi za kitabu.

"Ukitutengenezea ripoti ya muzuri," Anatole alisema, akinawa, "tutaona mambo ya karatasi yako."

Jenereta ikawashwa. Dorothée alifungua daftari la Norbert. Maagizo yote ya kuisimika programu yalikuwa mle, kwa mwandiko wake wa ubaoni. *Weka disketi ya kwanza. Ngoja. Usiguse kitu. Ikiuliza, jibu ndiyo. Ikiuliza tena, jibu ndiyo tena. Ni kama wakwe, haiamini mara ya kwanza.* Aliweka ya kwanza, akangoja, hakugusa kitu. Mashine ilikoroma, ikauliza, akajibu. Ya pili, ya tatu. Ya sita ilikwama. Daftari lilisema ipulizwe, akaipuliza. Ya tisa haikuwemo kwenye kisanduku cha bati cha disketi. *Ya tisa ni ya alama za juu za Kifaransa,* Norbert aliandika, *é na nduguze. Ukiikosa, programu itafanya kazi, ila itaacha pengo.* Dorothée akairuka. Kazi ilimalizika saa kumi na robo, na kwenye televisheni ukatokea ukurasa mweupe, mtupu, ukisubiri.

Sentensi ya mwisho ya daftari ilikuwa hii: *Programu hii haichori uongo. Niliandika 7 × 8 = 54, ikachora 56. Si ugonjwa wa mashine. Usiifungue.*

Anatole alisoma kwa sauti, Dorothée akaandika. "Hali ya usalama: nzuri." Ukurasa ulipochorwa, ulionyesha "Hali ya usalama:" halafu hakuna kitu. Akaandika tena. Hakuna kitu. Wakajaribu "ya kuridhisha". Programu ikaliacha pengo lilelile, ikaweka namba ya ukurasa chini, vizuri, katikati.

"Iko na kichwa nguvu hii machine," Anatole alisema. "Achana nayo hapo. Andika liste."

Orodha ilikuwa na watu sitini na mmoja, na mbele ya kila jina neno moja: amehama. Dorothée aliyapiga yote sitini na mmoja. Alipofika namba kumi na saba, jina la Norbert, aliandika "amehana", akasahihisha. Kisha akaamuru ukurasa uchorwe.

Televisheni ilichukua dakika mbili. Programu ilikuwa imeyapanga majina katika safu moja iliyonyooka, ikaondoa neno "amehama" kila mahali, ikaweka lake. Mbele ya namba kumi na saba ilisema: *Norbert, mwalimu. Alipigwa risasi saa nne asubuhi mbele ya darasa la tano, chaki mkononi. Yuko katika shimo la choo cha shule, wa nne kutoka juu. Kwa amri ya Komanda Z phyrin.* Majina yalikuwa sitini na manne. Programu iliongeza watatu ambao ofisi iliwasahau: Rugema, mfugaji wa milimani aliyeteremka siku ile kuuza maziwa, binti yake, na mtoto wa siku mbili ambaye alikuwa bado hajapewa jina.

Dorothée alisoma yote, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Kwamba Norbert alikufa alijua. Alichokuwa hajui ni ile "wa nne kutoka juu". Aliomba maji, akanywa, akarudisha kikombe mezani polepole kwa sababu mkono wake ulitaka kukirusha.

Anatole naye alisoma, ameinamisha kichwa kama mtu anayekagua hesabu ya mwanafunzi. "Toa ile," alisema.

Dorothée akatoa. Programu ikarudisha. Jumatano walijaribu kufupisha, ikarefusha. Alhamisi walijaribu kuandika majina bila maelezo yoyote. Ikachora maelezo, ikaongeza na aina ya risasi. Hakuna aliyepiga kelele. Karani wa kodi alipita, akasoma mistari michache, akakumbuka kwamba mmoja wa wale waliokufa alikuwa na koleo lake. Alhamisi jioni Anatole alipata dawa.

"Tutia mu annexe," alisema. "Miaka makumi mbili niko mu hii kazi, siyaonaka muntu mwenye anasomaka annexe."

Basi mbele wakaweka barua ya Anatole yenye salamu na shukrani, kwa maana shukrani programu ilizichora bila ubishi, na nyuma, kama kiambatisho, kurasa sita za waliokufa. Komanda Zéphyrin alikuja na muhuri wake mfukoni. Aligonga kila ukurasa, paa, paa, huku akizungumza na Anatole habari za mabati. Hakusoma hata mstari. Ziligongwa nakala tatu, na ya tatu Dorothée akaikunja, akaitia kifuani.

Wageni walifika Ijumaa, wanaume wawili na mwanamke mmoja, na mkalimani. Walipewa viti na soda. Mkubwa wao aliipekua ripoti, akauliza kama imechapwa Bukavu. Anatole akajibu imechapwa hapahapa. Mgeni akatikisa kichwa kwa heshima, akasema ni mara chache kuona herufi safi namna hii wakati wa vita. Mwanamke alifungua kiambatisho. Alisoma ukurasa wa kwanza, akaweka kidole kwenye namba kumi na saba, akamuuliza mkalimani, na mkalimani akamfasiria neno kwa neno, hadi shimo, hadi wa nne kutoka juu. Dorothée alikuwa amesimama hatua mbili kutoka hapo. Alingoja mama yule ainue uso.

Mama yule aliandika kitu kwenye kijitabu chake, akarudisha kifuniko cha kalamu, akasema asante. Saa tisa gari lao lilikuwa limeshapita daraja.

Jumatatu Dorothée alikwenda kwa komanda na nakala yake. Mwenye nguvu mpishe, wanasema, lakini yeye alikuwa amempisha miezi minane na sasa miguu ilichoka. Komanda Zéphyrin alikunjua karatasi, akasoma kwa mara ya kwanza alichogonga muhuri. Alisoma bila haraka. Akafika namba kumi na saba, akakunja uso.

"Mama, jina yangu iko na faute."

"Wapi, Komanda?"

"Hapa. Na hapa. Page yote. Kunakosa é. Z phyrin, njo nani huyo?"

"Disketi ya tisa ilipotea, Komanda."

"Utaitafuta." Alisema kwa upole, kama mtu anayedai haki yake. "Muntu hawezi ishi na jina ya kuvunjika."

Dorothée alitazama mkono uliokuwa juu ya karatasi. Ulikuwa mkono wa kawaida, umekatwa kucha. Hasira yake aliiweka kando, kwa sababu alikuwa na swali.

"Na kilio ya bwana yangu?"

"Mufanye." Akaweka kidole juu ya muhuri. "Karatasi iko na kashe yangu. Mi siwezi bishana na kashe yangu mwenyewe."

"Na kumutoa mu shimo, tumuzike?"

"Ile hapana," Komanda alisema, akimrudishia karatasi na kuelekeza kidevu kwa askari wake wa mlangoni. "Basoda bangu banatumiaka ile choo."

Disketi ya tisa ilikuwa kwa Mama Pulchérie. Bibi huyo aliiweka juu ya sahani ya Norbert kila mchana, chini ya kifuniko, kwa sababu ilikuwa na namba tisa kwa mwandiko wa mwanawe. Dorothée alimsomea karatasi. Mama Pulchérie alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wa nne," akachukua bugali ya siku ile akawamwagia kuku. Kisha akaifuta disketi kwa kanga yake akampa.

Programu iliipokea, ikauliza mara mbili, ikajibiwa ndiyo mara mbili. Mapengo yote yakazibika. Kwenye orodha ya waliokufa Désiré alirudishiwa alama zake, na Thérèse, na yule mzee Barthélemy. Hilo Dorothée angelifanya kwa mikono miwili, kwa kupiga magoti. Lakini halikufanywa kwa ajili yao. Lilifanywa kwa ajili ya mtu mmoja, naye jina lake lilisimama mbele ya kila mmoja wao, zima, mara sitini na nne.

Kilio kilifanyika siku tatu. Kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali akaingia, na Dorothée alianza, akalia mpaka sauti ikamkauka, miezi minane yote kwa mara moja. Wa mbali waliingia. Umwiza, mjane wa Rugema, aliteremka kutoka milimani na kibuyu cha maziwa. Alitaka kusomewa namba sitini na mbili na sitini na tatu, mume wake na binti yake, akasomewa, akakaa kwenye mkeka pembeni ya Mama Pulchérie. Kurasa sita zilipigiliwa kwenye nguzo ya uwanja ili kila mtu amtafute wake.

Siku ya tatu komanda alikuja kutoa pole. Desturi haimfukuzi mtu kilioni. Aliletewa kiti, maana vyeo vinakaa kwenye viti, na sahani ya wali na maharage. Alipokwisha kula alisimama mbele ya nguzo, mikono nyuma, akasoma jina lake kutoka juu hadi chini. Watu walimwachia nafasi.

"Sasa iko bien," alisema, akashukuru kwa chakula.

Mwezi wa tano wageni waliandika. Waliipongeza ofisi ya Baraka kwa uwazi na kwa mpangilio bora wa kurasa, wakaleta zawadi ya karatasi, katoni mbili, nyeupe, nzito, zisizopitisha wino. Anatole aliziweka kabatini na kufunga kwa kufuli. Juma lililofuata alizitoa, akaiweka mbele ya Dorothée orodha mpya, ya kijiji kingine, cha upande wa milimani, watu arobaini na watatu.

"Banahama," alisema.

"Bo bote?"

"Bote. We tia tu mu annexe."

Nje, mtu alivuta kamba ya jenereta mara tatu, ikawaka. Dorothée alifungua daftari la Norbert, ingawa alikuwa halihitaji tena. Akaweka disketi ya kwanza. Akangoja. Hakugusa kitu.