Kifuniko cha Shafti

Asubuhi ile Mwalimu Isbrand Knelsen aliwaambia wanafunzi wake wasome kwa sauti kubwa kuliko siku zote. Nyuma ya ubao kulikuwa na ukuta wa mbao, na nyuma ya ukuta kulikuwa na kitanda cha binti yake Justina, aliyerudi kutoka hospitali ya Santa Cruz siku tatu nyuma, bila mkono wa kulia. Vidonge vya maumivu vilikwisha alfajiri.

"Tena," alisema Mwalimu. "Kuanzia mstari wa kwanza."

Watoto hamsini na watatu wakasoma, wavulana upande huu, wasichana upande ule. Walipofika kwenye kituo walivuta pumzi, na katika mwanya huo sauti ya Justina ikapenya mbao. Haikuwa kilio. Ilikuwa kama kabati zito linaloburutwa sakafuni. Nela, binti wa pili wa Mwalimu, ambaye alibakiza miezi mitatu tu kutimiza miaka kumi na miwili na kuaga shule, aliinama hadi paji la uso likagusa kitabu.

"Mwalimu," aliuliza kijana mdogo wa benchi la mbele, "mkono si umekatwa? Sasa anaumwa nini?"

"Soma, Klaas."

Shule haikufungwa hata siku moja. Mkuu wa kijiji alikuwa amepita na kusema, kwa upole, kwamba shule ni ya kijiji chote, si ya nyumba moja.

Nyumba ya mwalimu na darasa vilikuwa chini ya paa moja. Isbrand hakuwa na shamba. Katika koloni lile la waumini waliohamia Bolivia, mwenye shamba hafundishi, na anayefundisha ni yule aliyekosa pa kulima. Wanakijiji walimletea kwa zamu maziwa, unga na soseji. Alikuwa amefundisha miaka kumi na tisa, na hakuona aibu. Kila jioni, baada ya supu, aliwataja watoto wake saba mbele za Mungu, mmoja mmoja kwa jina, kuanzia Justina hadi yule wa kunyonya, na hakuna jioni aliyoruka jina.

Justina alikuwa na miaka kumi na mitano. Tangu alipoacha shule alifanya kazi kwa Diedrich Harder, mkuu wa koloni, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote. Kila asubuhi alisaga chakula cha ng'ombe kwa mashine iliyovutwa na trekta, na kati ya trekta na mashine kulikuwa na shafti, chuma kirefu kinachozunguka kwa kasi. Shafti ilikuja na kifuniko chake cha bati. Kiangazi cha mwaka uliotangulia Harder alikifungua kwa sababu kilimchelewesha kupaka grisi, akakitupa nyuma ya banda. Kuku wakaanza kutagia ndani yake.

Siku ile upepo wa kusini ulivuma. Ulipeperusha utepe wa aproni, shafti ikaudaka utepe, na Justina alipotaka kuuvuta, ikadaka mkono wa gauni.

Dereva wa lori la maziwa, Mbolivia mmoja aitwaye Eusebio, ndiye aliyembeba hadi mjini, mguu ukikanyaga mafuta njia nzima. Hospitalini, daktari mwanamke alitoka chumba cha upasuaji, akakaa kando ya Isbrand kwenye benchi.

"Shafti haikuwa na kifuniko?" aliuliza.

Isbrand alijua Kihispania kidogo cha sokoni, lakini swali hilo alilielewa.

"Haikuwa nacho."

"Nani alikitoa?"

Isbrand alitazama mlango wa chumba cha upasuaji. Kisha akasema, "Mwenye shamba."

Daktari aliandika. Isbrand aliweka sahihi yake nzuri, ile ambayo wanafunzi wote wa kijiji chake, Kijiji cha Saba, waliiga. Wiki mbili baadaye mkaguzi wa kazi wa serikali alifika kwa Harder akiwa na karani, akapiga picha trekta, akapiga picha bati, akafukuza kuku mmoja aliyekuwa juu ya mayai.

Alhamisi, Isbrand aliitwa na wazee wa kanisa.

Walikaa saba, kofia zimewekwa magotini. Katikati alikuwa Askofu Bernhard Krahn, ambaye watu wote, hata waliomzidi umri, walimwita Mjomba.

"Uliandika?" aliuliza Askofu.

"Niliulizwa, Mjomba."

"Sikukuuliza kama uliulizwa."

"Niliweka sahihi."

"Mwalimu, Mwalimu," Harder alisema kutoka pembeni, akitikisa kichwa kama anayemhurumia mtoto. "Mimi nimemlisha binti yako mezani kwangu miaka mitatu. Leo nimeandikwa na serikali kama mwizi wa kuku. Si ungekuja kwangu kwanza? Nyumba yangu huijui?"

"Nilikuja, Ndugu Diedrich. Nilikuja mwaka jana, nikakuomba ukirudishe kile kifuniko."

"Ulikuja kuomba boga," Harder alisema. "Habari ya kifuniko uliitaja ukiwa umeshafika getini."

Wazee wawili walicheka kidogo, wakaacha.

"Hakuna anayebishana habari za kifuniko," Askofu alisema. "Kifuniko hakikuwepo, tumeona wenyewe. Hapa tunazungumza habari za dhambi. Ndugu amempeleka ndugu mbele ya ulimwengu."

"Basi nisemeje, Mjomba?"

Shemasi alimsogezea karatasi. Ilikuwa imeandikwa tayari kwa Kihispania, na mtu aliyekijua vizuri. Ilisema msichana alifungua kifuniko mwenyewe ili apake grisi, bila ruhusa, na baba yake alikosea alipotoa maelezo hospitalini kwa sababu ya huzuni.

"Huu ni uongo," Isbrand alisema.

"Mkaguzi yule hatakoma kwenye trekta," Askofu alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka, si ya mtu mkali. "Kesho atauliza kwa nini msichana wa miaka kumi na mitano yuko kwenye mashine. Keshokutwa atauliza kwa nini wasichana wanaacha shule wakiwa na miaka kumi na miwili. Halafu ataleta walimu wake. Baba zetu wamehama nchi nne kwa ajili ya shule unayofundisha wewe. Nchi nne, Isbrand. Na wewe unapima hayo na kipande cha bati?"

"Napima na mkono wa mwanangu."

Shemasi aliirudisha karatasi ndani ya Biblia yake.

Jioni hiyo Justina alikuwa amekaa kitandani, akijifunza kushika kijiko kwa mkono wa kushoto.

"Uliwaambia kweli, Baba?"

"Niliwaambia."

"Basi," alisema, akaendelea na supu yake.

Jumapili iliyofuata jina la Isbrand Knelsen lilisomwa kanisani. Alitengwa. Hakuna ndugu wa kumpa mkono, wa kununua kwake wala kumuuzia, wala wa kula naye, na amri hiyo ilimhusu mkewe kama ilivyowahusu wengine. Shule aliruhusiwa kuishika hadi mwisho wa mwezi, mpaka apatikane mwalimu mwingine. Baada ya hapo nyumba pia ingekuwa ya mwalimu mwingine.

Aganetha, mkewe, alitandika meza ya watu wanane. Sahani ya mumewe aliiweka juu ya cherehani, karibu na dirisha.

"Nimeweka pale," alisema, bila kumtazama.

Isbrand alikaa kwenye cherehani. Watoto walitazama sahani zao. Ndipo Justina alipoinuka, akabana kipande cha mkate kwa meno, akachukua sahani kwa mkono wa kushoto, supu ikimwagika njia nzima, akaja kukaa sakafuni karibu na magoti ya baba yake. Mama yake aliinuka kumzuia, akakaa tena. Justina hakuwa amebatizwa bado, amri haikumfikia.

Maziwa yaliacha kuja siku ya pili. Unga ukafuata. Darasani watoto walikuja, maana sheria ya shule ni sheria, lakini hakuna aliyemsalimu asubuhi, na Klaas mdogo, aliyejisahau akasema "Habari ya asubuhi, Mwalimu," alizibwa mdomo na dada yake. Aganetha alilala chumba cha watoto. Mtoto wa kunyonya akaanza kulia usiku kucha, kwa kuwa mama mwenyewe alikuwa anaishi kwa viazi.

Wiki ya tatu baba mkwe, mzee Jakob Teichroeb, aliwasili na gari la farasi lisilo na mzigo. Hakushuka.

"Aganetha," aliita. "Panda na watoto. Pale kwangu pana nafasi."

Aganetha alitoka jikoni akifuta mikono, akasimama mbele ya mumewe. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku kumi na nane kumtazama usoni.

"Kubali, Isbrand."

"Nimshuhudie uongo mwanangu mwenyewe?"

"Mkono hautarudi ukisema kweli. Wala hautakatika mara ya pili ukisema uongo. Nina watoto sita wengine, na wote wana njaa." Alifuta tena mikono iliyokuwa imekauka. "Na mimi pia nina roho ya kuokoa. Sitaki kufa nikiwa nimekula na mtu aliyetengwa, na sitaki kufa bila kula na wewe. Niambie nifanye nini."

Farasi wa mzee walikuwa wanang'ata ukoka wa uani. Isbrand aliwatazama.

"Mwambie baba yako arudi nyumbani," alisema.

Karatasi ya shemasi aliisaini siku ileile. Jumapili alipiga magoti mbele ya kanisa, wanaume upande mmoja, wanawake upande wa pili, akatamka maneno kwa Kijerumani cha Biblia, lugha aliyowafundisha wote waliokuwa chini ya miaka thelathini mle ndani.

"Binti yangu alikifungua kifuniko kwa mkono wake mwenyewe. Mimi nilimsingizia ndugu yangu."

Askofu aligeukia upande wa wanawake. "Justina Knelsen. Ndivyo?"

Justina alisimama. Hakumtazama Askofu. Alimtazama mtu aliyepiga magoti, kwa makini, kama anayetafuta kitu katika uso wake.

"Amenyamaza," Askofu alisema hatimaye. "Anayenyamaza amekubali."

Diedrich Harder alikuja akamwinua Isbrand, akambusu busu la amani. Alikuwa analia machozi ya kweli. "Nimekusamehe, ndugu yangu," alisema. "Nimekusamehe yote."

Jumatatu kopo la maziwa lilikuwa mlangoni, limejaa hadi juu. Mkaguzi hakurudi tena. Sahani ya Isbrand ilirudi mezani. Jioni alitaja majina saba kama kawaida, lakini alipofikia jina la kwanza, mwenye jina alikuwa ameshatoka nje kuwafungia kuku, na ikawa hivyo kila jioni. Tangu siku ile Justina alimjibu baba yake kwa kichwa tu, ndiyo au hapana.

Nela alipotimiza miaka kumi na miwili, Harder alifika mwenyewe.

"Nimewaza juu ya nyumba yako, Mwalimu. Yule mkubwa hawezi tena. Nitamchukua huyu mdogo, ashike nafasi ya dada yake."

Isbrand aliuliza, "Kwenye mashine?"

"Kazi ni ileile."

"Kifuniko umekirudisha, Ndugu Diedrich?"

Harder alimtazama kwa mshangao, tena kwa huruma. "Tumeshapatana mbele ya kanisa, si ndiyo? Mkaguzi ameandika hakuna kosa. Ukikataa, watu watasema hukutubu kwa moyo. Mimi sitasema. Watasema wao."

Siku ya kwanza ya kazi Isbrand aliamka mapema, akakuta taa inawaka jikoni. Aganetha alikuwa anamnyonyesha mtoto kwenye kona, ameelekeza uso ukutani. Nela alikaa kwenye kigoda, gauni jipya jeusi limekatwa mikono hadi juu ya viwiko, jambo ambalo halikuwahi kuonekana kwa msichana yeyote wa koloni. Nyuzi na tepe za aproni zilikuwa zimetapakaa sakafuni. Justina alikuwa amesimama nyuma yake na mkasi wa mama yao, akihangaika kuufungua kwa mkono wa kushoto. Msuko wa Nela, ambao haukuwahi kuguswa na chuma tangu azaliwe, ulimteleza kila mara mkasi ulipoukaribia. Nela alikuwa analia bila sauti.

"Justina," Isbrand alisema. "Kukata nywele ni dhambi. Watamnyima ubatizo."

Justina aligeuka. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili alimsemesha.

"Ushike vizuri, Baba. Mimi nina mkono mmoja."

Nje gari la farasi la Harder lilisimama, na sauti yake ya uchangamfu ikaita, "Mwalimu! Binti yuko tayari?"

Isbrand aliushika msuko. Ulikuwa na joto la kichwa cha mtoto. Aliuvuta ukanyooka, akaushikilia hivyo, na mkasi ukaanza kutafuna.